Penye "to" nitie nini? Jibu kwa kijana wa Wete anayeomba kazi ya hoteli

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, naomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Nungwi. Niliandika barua kwa Kiingereza nikaimalizia kwa 'I look forward to hear from you'. Binamu yangu akanambia nimekosea, eti ni 'hearing', na kila penye 'to' nitie -ing. Nikairudia barua nzima nikatia -ing kila pahala. Jirani yetu ambaye ni mwalimu akaisoma, akacheka, akanambia ile ya kwanza ilikuwa afadhali. Sasa nifuate lipi? Na hiyo jerandi wanayoisema ni kitu gani khasa? Barua zote mbili nimekuletea."

Marahaba, mwanangu. Nimezisoma zote mbili, na nimecheka kidogo kama jirani yenu, ingawa si kwa kukudharau. Binamu yako kapata katika sentensi moja, akakupoteza katika nyingi. "I look forward to hearing from you" ndiyo sahihi. Lakini "I hope getting this job" uliyoiandika kwenye barua ya pili si Kiingereza, na ile ya kwanza, "I hope to get this job", haikuwa na kasoro hata chembe. Basi usipeleke hata moja. Tutatengeneza ya tatu.

Tatizo hili huna peke yako, na halitokani na uvivu. Linatokana na ku- yetu. Sisi twasema "nataka kuvua", "nafurahia kuvua", "baada ya kuvua", "kuvua kunachosha", na ku- ni ile ile toka mwanzo mpaka mwisho. Mwingereza kazi hiyo kaigawa mafungu mawili. Pengine husema "to fish", pengine "fishing": "I want to fish", lakini "I enjoy fishing", "after fishing", "Fishing is tiring". Na kwa kuwa skuli tulikaririshwa kwamba "to go" ni kwenda na "to eat" ni kula, kila ku- ikipita kichwani ulimi unakimbilia "to". Nusu ya safari unafika salama. Nusu nyengine unapanda mwamba.

Hiyo "fishing" inapofanya kazi ya jina ndiyo jerandi. Ni kitenzi kilichovaa kanzu ya jina. Kwa nje kinakaa pale panapokaa jina, kwa ndani bado ni kitenzi na kinabeba mzigo wake kama kitenzi chengine chochote. Wewe ni mtu wa Pemba, kwa hiyo nitakupa mfano wa karafuu: "Picking cloves takes patience." Hapo "picking" ndiyo kiima cha "takes", sawa na vile ungeweka "work" au "school", lakini imebeba "cloves" kama kitenzi. Tafsiri yake ni "Kuchuma karafuu kunataka subira." Itazame hiyo "kunataka". Kuchuma kumepewa upatanisho wake, kama vile kiti kinavyopewa ki-. Kwa hiyo jerandi unaijua tangu utotoni. Kuchuma, kuchambua makonyo, kuanika majamvini: zote ni vitenzi, na zote ni majina ya kazi ambazo mtu analipwa.

Lakini si kila -ing ni jerandi, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko vitabu vingi vya Kiingereza nilivyovitumia darasani. Chukua neno lenye -ing, ulifasiri, kisha tazama limetua wapi. Likitua kwenye ku-, aghlabu ni jerandi. Likitua kwenye -na- au -ki-, siyo. "He is swimming" ni anaogelea, siyo jerandi. "I saw him swimming" ni nilimwona akiogelea, siyo pia. "Swimming keeps you fit" ni kuogelea kunakupa siha, hiyo ndiyo. Linganisha na "a sleeping child" na "a fishing boat". La kwanza ni mtoto anayelala, limekwenda kwenye -naye-, basi hapo -ing inafanya kazi ya sifa. La pili ni chombo cha kuvulia, na chombo chenyewe hakivui, anayevua ni mtu. Limekwenda kwenye ku-, basi ni jerandi. Vivyo hivyo "dining table" ni meza ya kulia na "washing machine" ni mashine ya kufulia. Zamani Waingereza nao walikuwa na viishio viwili mbalimbali, kimoja cha jina la kitendo na kimoja cha mtendaji aliye katikati ya kutenda, halafu vikachanganyika vikawa -ing moja. Wao wakapoteza tofauti ambayo sisi tunayo mpaka leo, na sisi tunakosa ile ya "to" na -ing ambayo wao wanayo. Kila mmoja na balaa lake.

Sasa kwenye swali lako khasa. Kanuni iliyo ngumu kama chuma ni moja tu, nayo ni ya kihusishi, yaani neno dogo kama "in" au "at" linalotangulia jina. Baada ya kihusishi, kitenzi cha Kiingereza hakina nguo nyengine ya kuvaa isipokuwa -ing. "Before leaving", kabla ya kuondoka. "Without asking", bila ya kuuliza. "By selling octopus", kwa kuuza pweza. "Interested in working", "good at cooking", "tired of waiting", "thank you for coming". Hakuna ubaguzi wa kukusumbua. Ukiona in, at, of, for, by, without, about, before, after, tia -ing ulale.

Kilichokuponza wewe ni kwamba kuna "to" mbili. Ya kwanza ni ile ya kitenzi, kama "want to go". Ya pili ni kihusishi kamili, ndugu yake "in" na "at", kama "I am going to Mkoani". Zinaandikwa sawa na zinatamkwa sawa. Utazijuaje? Mimi wanafunzi wangu nawapa kipimo cha Idi. Baada ya "to" ondoa kitenzi uweke neno "Eid". "I look forward to Eid." Imekaa? Imekaa vizuri, kila mtoto anaingojea Idi. Basi hiyo "to" ni kihusishi, na kitenzi kitakachokuja hapo kitavaa -ing: "to hearing". Sasa jaribu "I hope to Eid". Haikai. "I want to Eid". Haikai. Basi hizo ni "to" za kitenzi, ziache kama zilivyo: "hope to get", "want to learn".

Kipimo hicho hicho kinakata mzizi wa fitina kwenye "used to", ambayo umeikosea barua zote mbili kwa njia mbili. Ya kwanza umeandika "I am used to wake up early". Ya pili, "I used to waking up early". Maneno yaliyo sahihi ni mawili na kila moja lina habari yake. "I used to wake up early" ni zamani nilikuwa nikiamka mapema, na msikilizaji anaelewa kwamba siku hizi huamki. "I am used to waking up early" ni nimezoea kuamka mapema. Pima: "I am used to noise" inakaa, nimezoea kelele. "I used to noise" haikai. Meneja wa hoteli anatafuta mtu aliyezoea, hana haja na aliyeacha.

Baada ya kihusishi inabaki bahari iliyo wazi: kitenzi kinapofuata kitenzi. Hapa vitabu hukupa orodha mbili ndefu ukariri. Ukiweza kariri, sikukatazi, mimi mwenyewe nilikariri. Lakini kabla ya orodha jaribu hivi. Sema sentensi yako kwa Kiswahili, kisha badala ya ku- weka "niende, nile, nifanye". Nataka kwenda, nataka niende: inakubali. Nimeamua kuhama, nimeamua nihame: inakubali. Nimepanga kusoma, nimepanga nisome: inakubali. Niko tayari kuanza, niko tayari nianze: inakubali. Hizo kwa Kiingereza zinachukua "to": want to go, decided to move, plan to study, ready to start. Sasa nafurahia kuvua. "Nafurahia nivue"? Hakuna mtu wa Unguja wala Pemba atakayesema hivyo. Nimemaliza kula, "nimemaliza nile"? Hapana. Naepuka kugombana, "naepuka nigombane"? Hapana. Anakanusha kuiba, "anakanusha aibe"? Haina maana. Hizo zinachukua -ing: enjoy fishing, finished eating, avoid quarrelling, denies stealing.

Sababu si uchawi. "Niende" ni jambo lililo mbele, bado halijatendwa, na "to" ya Kiingereza kwa asili ni neno la kuelekea. Kufurahia, kumaliza, kuacha, kukanusha ni mambo yanayokutana na kitendo ambacho kipo tayari, kimeshika jina lake, na unakigusa kama unavyogusa kitu.

Sikufichi kwamba chombo hiki kinavuja. "Suggest" ndiyo tundu kubwa. Sisi twasema napendekeza twende, inakubali kabisa, lakini Mwingereza husema "I suggest going" au "I suggest that we go", na "I suggest to go" ni kosa. "Consider" ni tundu jengine: nafikiria nihamie mjini, lakini kwa Kiingereza "I am considering moving to town". Kwa upande wa pili, "manage" na "learn" zinachukua "to" ijapokuwa Kiswahili hakikubali: nimefanikiwa kufungua ni "I managed to open it", nimejifunza kuogelea ni "I learned to swim". Hizi nne ziandike kwenye jalada la daftari. Nyengine utakutana nazo njiani. Na zile za "begin", "start", "like", "love", "hate" usizihangaikie, zinakubali zote mbili na tofauti ni ndogo mno kwa barua ya kazi.

Kuna kikundi chengine hata hivyo ambacho ukikosea hapo sarufi inabaki sawa lakini umesema kitu chengine kabisa. Miaka ya nyuma nilikuwa na mwanafunzi, kijana anayetembeza wageni Mji Mkongwe. Siku moja kawaingiza watu wanane soko la Darajani, upande wa samaki, asubuhi mnada umepamba moto. Wageni wakatoa simu, wanampiga picha mzee mmoja anayekatakata papa, naye mzee hataki, ameshaanza kununa na panga liko mkononi. Kijana akasema kwa adabu zote: "Please stop to take photos!" Wageni wakamshukuru. Wakasimama vizuri, wakajipanga, wakapiga zaidi. Akarudia kwa sauti kubwa, nao wakazidi kufurahi kwamba kiongozi wao anawapa nafasi. Mzee alimalizia kwa kuwageuzia mgongo, na kijana akaja darasani jioni bado masikio yanamwaka.

"Stop to take photos" ni simameni mpige picha. Alichotaka kusema ni "stop taking photos", acheni kupiga picha. Kiswahili kina maneno mawili, simama na acha. Kiingereza kina "stop" moja, na kazi yote ya kutofautisha imewekwa kwenye kile kinachofuata. Likiwa kichwani mwako ni acha, tia -ing. Likiwa ni simama ili ufanye jambo, tia "to".

Ndiyo maana nilishtuka nilipofika kwenye sentensi yako hii: "I stopped to work in 2023 for look after my mother." Wewe unamaanisha uliacha kazi ili umuuguze mama. Meneja atasoma kwamba ulikuwa unakwenda zako, ukasimama ukafanya kazi. Iwe hivi: "I stopped working in 2023 to look after my mother." Itazame vizuri sentensi hiyo, imekusanya zote mbili. Niliacha kufanya kazi, -ing. Ili nimuuguze mama, "to". Na "for look after" iondoe moja kwa moja, maana "ili" ya Kiswahili inapotaja kusudio la mtu kutenda jambo, Kiingereza inatosha "to" peke yake.

"Remember" na "forget" zina mwendo huo huo wa mbele na nyuma. "I remembered to lock the door" ni nilikumbuka kufunga mlango, nikaufunga. "I remember locking the door" ni nakumbuka kwamba niliufunga, picha ninayo kichwani. Mtu wa mapokezi atayahitaji haya siku ya kwanza, mgeni atakapodai chumba kilikuwa wazi. "Try" nayo: "I tried to open the window" ni nilijitahidi kulifungua dirisha, na pengine likakataa. "I tried opening the window" ni dirisha lilifunguka, nilikuwa najaribu nione kama joto litapungua. "Regret" sikuombei uijue kwa karibu, kwa sababu "We regret to inform you" ndiyo mwanzo wa barua za kukataliwa.

Mambo mawili madogo. La kwanza ni kukanusha. Umeandika "I apologise for don't attach my certificate". Hapo "for" ni kihusishi, kwa hiyo -ing ni lazima, na kukanusha kwake ni kutanguliza "not" tu: "for not attaching". Ni ile kuto- yetu: kutokuja, "not coming", kutojibu, "not answering". La pili ni la mwenye kitendo. Sisi twasema kuja kwake kumetufurahisha, na Mwingereza anayeandika kwa heshima husema hivyo hivyo, "his coming", na "your helping me" ni kunisaidia kwako. Kwenye mazungumzo wengi husema "you helping me" na hakuna anayewakamata, ila kwenye barua rasmi ile ya kwanza ina adabu zaidi.

Tahajia nitaipita mbio: "write" inaangusha e ikawa "writing", "swim" inaongeza m ikawa "swimming", "lie" inakuwa "lying". Umeandika "writting" mara mbili. T moja inatosha.

Nimekuandikia barua upya, na nimeacha maneno yako kadiri nilivyoweza ili wakikuita kwenye usaili usikute unaulizwa habari za mtu mwengine:

"I am interested in working at your reception. I worked in a guest house in Chake Chake for two years and I enjoyed meeting people from different countries. I stopped working in 2023 to look after my mother, who is now well. I am used to waking up early and I am ready to start at any time. I apologise for not attaching my certificate. I hope to send it this week. I look forward to hearing from you."

Pitisha kidole uhesabu. Jerandi ni sita: working baada ya "in", meeting baada ya "enjoyed", working baada ya "stopped", waking baada ya "used to", attaching baada ya "for not", hearing baada ya "forward to". "To" za kitenzi ni tatu: to look after, to start, to send. Hizo tatu binamu yako asiziguse.

Na juu ya barua umeacha tarehe ya mwezi uliopita. Ibadilishe kabla ya kuituma, "before sending it".